Jinsi ya kumrudisha nyumbani salama mgonjwa aliyepewa nusu kaputi

Upasuaji mwingi mdogo siku hizi haumlazi mtu. Asubuhi anaingia kufanyiwa ngiri, kutolewa uvimbe, kusafishwa kizazi au kukatwa mafindofindo, jioni anaruhusiwa. Tatizo ni kwamba anaonekana mzima. Anaongea, anacheka, anaulizia simu yake, kumbe dawa ya usingizi bado haijamwisha mwilini. Kwa saa 24 hivi anakuwa mzito wa kuamua na mwepesi wa kusahau. Nesi atampa masharti yote, naye ataitikia "sawa, sawa", halafu akifika nyumbani hakumbuki hata moja. Ndiyo maana maelezo haya tunampa zaidi msindikizaji.

Msindikizaji awe mtu mzima, mwenye nguvu za kumdaka mgonjwa akiyumba, na awe tayari kulala naye nyumba moja usiku huo. Dereva wa teksi si msindikizaji, wala mtoto wa sekondari. Kama hakuna mtu wa namna hiyo, daktari aambiwe kabla ya siku yenyewe, ili mgonjwa alazwe usiku mmoja au apangiwe tarehe nyingine.

Wodini msiharakishe kutoka. Mgonjwa awe amekunywa maji na yakatulia tumboni, ametembea hatua kadhaa bila kizunguzungu, na bendeji haivuji. Awe pia amekojoa, hasa aliyefanyiwa ngiri, bawasiri au njia ya mkojo, kwa sababu kibofu huweza kugoma baada ya upasuaji wa maeneo hayo. Kagua mikono yote miwili, hata chini ya mikono ya shati, kuona kama kanula, ule mpira mdogo wa kupitishia dripu kwenye mshipa, imetolewa. Ikibaki, inakuwa mlango wa wadudu kuingia kwenye damu.

Kisha chukua kalamu umuulize nesi: amepewa dawa gani ya maumivu, na saa ngapi? Swali hili wengi hulisahau, na ndilo linalozuia makosa ya usiku. Tuseme saa saba mchana alichomwa sindano ya diclofenac. Akifika nyumbani akameza ibuprofen, amezidisha dawa za kundi moja, na zinazoumia ni tumbo na figo. Paracetamol nayo huenda alipewa kwa dripu. Mtu mzima wa kilo 50 na zaidi, asiye na ugonjwa wa ini, anameza vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Kama ya dripu aliipata saa saba mchana, vidonge vya kwanza ni saa moja usiku. Dawa nyingi za mafua zina paracetamol ndani yake, kwa hiyo asichanganye. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu asiguse ibuprofen wala diclofenac bila ruhusa ya daktari. Na asisubiri maumivu yapande ndipo ameze: ganzi iliyochomwa kwenye kidonda huisha baada ya saa kadhaa, mara nyingi usiku, na maumivu huja kwa kishindo.

Safari iwe kwa gari. Bodaboda hapana kabisa, hata kama ni kilomita moja, kwa sababu akisinzia kidogo tu anaachia mikono. Daladala la kusimama nalo halifai. Kwa Dar es Salaam, anayekwenda Kigamboni apitishwe darajani badala ya kubanana kwenye pantoni. Aliyetoka mkoani asipande basi siku hiyo, atafute mahali pa kulala karibu na hospitali. Kaeni wote wawili kiti cha nyuma, mkanda ufungwe, na kama kidonda kiko tumboni weka mto mdogo kati ya mkanda na tumbo. Bebeni kopo au ndoo ndogo yenye mfuniko kwa ajili ya matapishi. Ile mifuko mbadala ya kitambaa, tunayotumia Tanzania tangu ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2019, inavuja. Akitaka kutapika, ainame mbele au alale ubavu, kamwe asilaze kichwa nyuma, kwa sababu matapishi yanaweza kuingia kwenye mapafu.

Nyumbani aanze na maji kidogo kidogo, kisha chai ya rangi au uji mwepesi. Pilau na chipsi zisubiri kesho, mafuta huamsha kichefuchefu. Akiamka kitandani, akae kwanza ukingoni dakika moja au mbili, ndipo asimame akiwa ameshikwa. Chooni asifunge komeo. Choo cha kuchuchumaa ndicho kinachoangusha wengi, kwa sababu presha hushuka ghafla anapoinuka. Mwekee kiti cha kushikilia, nawe usimame nje ya mlango.

Mpaka kesho yake muda kama ule aliotoka chumba cha upasuaji, asiendeshe chombo chochote, asipike kwa mkaa wala gesi, asisaini mkataba, asitume pesa kwa simu, asinywe pombe. Asiachiwe mtoto amwangalie peke yake. Mama anayenyonyesha anaweza kunyonyesha akishaamka sawasawa, ila usiku huo mtoto asilale naye kitanda kimoja: usingizi wake ni mzito kuliko kawaida na anaweza kumlalia. Akiandikiwa dawa kali za maumivu kama tramadol au codeine, amkumbushe daktari kwamba ananyonyesha, maana dawa hizo hupita kwenye maziwa.

Koo kuwasha siku mbili hivi ni kawaida, ni kwa sababu ya mpira wa kupumulia. Aliyefanyiwa upasuaji wa matundu madogo tumboni anaweza kuumwa bega. Hiyo ni gesi iliyojazwa tumboni, itaisha yenyewe. Na tafadhali, msimkande kwa maji ya moto. Shangazi na bibi hufanya hivyo kwa upendo, lakini joto hufungua mishipa na damu huanza upya, na kidonda kibichi hakitakiwi kuloa.

Bendeji ikilowa damu, kandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 mfululizo bila kufunua kuchungulia. Isipokoma, rudini hospitali. Rudini pia akipitisha saa 8 bila kukojoa, akitapika mfululizo, akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, kifua kikimbana, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au ikiwa anaamshika kwa shida. Aliyekatwa mafindofindo mchunguze akiwa amelala: akimezameza mate mara kwa mara, huenda anameza damu. Usisubiri kukuche.

Namba ya simu ya wodi iandikwe kabla hamjatoka, na umuulize nesi nani huipokea usiku. Mpigie pia dereva mmoja wa jirani mapema jioni, mkubaliane kwamba ukimpigia saa nane usiku atakuja.