Mshipi wa kuokoa ufumaji wa lesi

Wafumaji wenzangu wa Kigoma, hasa mnaofuma shali za matundu (lesi): nunueni kipande cha mshipi mwembamba wa nailoni kwa wauza zana za uvuvi. Ukimaliza mzunguko mzima wa ua, yaani mchoro unaojirudia, tunga mshipi kwenye sindano butu ya kushonea sweta, upitishe ndani ya kila mshono ulioko kwenye sindano ya kufumia, kisha endelea kufuma kama kawaida. Ukikosea mbele, chomoa sindano na ufumue bila hofu. Uzi utasimama kwenye mshipi, mishono yote ikiwa wazi, unairudisha kwenye sindano mmoja mmoja. Kwenye lesi hili ni jambo kubwa, kwa sababu tundu na mishono miwili iliyounganishwa vikishafumuka, kuvishika tena ni kazi ya kulia. Nailoni inafaa kwa kuwa ni laini, hainasi kwenye sufu, na ukiivuta inatoka bila kuacha manyoya. Chagua ya kijani au buluu. Ile isiyo na rangi huioni usiku.

Upitishe mshipi kwenye mstari wa upande wa nyuma usio na matundu, na uandike namba ya mstari huo. Acha mkia wa sentimita 20 kila upande, maana nailoni huteleza. Usiupitishe ndani ya vipete vya alama vilivyo kwenye sindano, vitanasa. Kwa michoro yenye matundu kila mstari, mbinu hii husaidia kidogo tu: mishono utaipata, lakini kuisoma ni shida.