Mvinyo kwenye stoo ya chini: anza na kipimajoto, rafu itafuata

Kwetu Hombolo, nje kidogo ya Dodoma, mvinyo hauwekwi. Zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka, na chupa ikiingia nyumbani haimalizi wiki. Huku Mainz, Ujerumani, ninakoishi mambo ni tofauti. Majengo mengi ya zamani yana stoo chini ya ardhi, na kila mpangaji ana kizimba chake cha mbao chenye kufuli. Majirani zangu wamejaza humo baiskeli mbovu na matairi ya majira ya baridi. Mimi nimeweka mvinyo, na kama nawe una stoo ya namna hiyo, iwe Ujerumani, Kanada au Marekani, usiiache ikae bure.

Rafu isikuchanganye kwanza. Nunua kipimajoto kinachoonyesha na unyevu wa hewa, kile kinachokumbuka kiwango cha juu na cha chini tangu ulipokitazama mara ya mwisho. Si kitu cha bei. Kitundike palepale zitakapokaa chupa, si mlangoni. Kama huna haraka, kisome Februari na ukisome tena Agosti, ndipo utaijua stoo yako vizuri.

Joto linalotakiwa ni nyuzi 12 au 13 za Selsiasi, na kati ya 10 na 15 huna neno. Stoo yangu wakati wa baridi inashuka hadi 11, na Agosti ikiisha inagusa 17. Sihangaiki, kwa sababu inapanda polepole kwa miezi. Kinachoumiza mvinyo ni joto la kupanda na kushuka kila siku. Mvinyo ukipata joto unatanuka na kukisukuma kizibo. Ukipoa unanywea na kuvuta hewa ndani. Chupa iliyopitia hayo inajisema yenyewe: kizibo kimejitokeza juu ya mdomo, au ukipitisha kidole shingoni unakuta majimaji yaliyokauka yananata. Hiyo usiiweke tena. Ifungue leo, uone kama bado inanyweka.

Ukuta mzuri ni ule ambao nje yake ni udongo mtupu, hasa upande wa kaskazini kusikopigwa jua. Kaa mbali na boila, ule mtambo wa kupashia nyumba joto. Kaa mbali pia na mabomba ya maji ya moto yanayopita juu kwenye dari. Mengine hayajafunikwa, na ukiyagusa Desemba utaondoa mkono mwenyewe. Mashine za kufulia za jengo zikiwa upande wa pili wa ukuta, hamia kona nyingine, maana mtetemo unavuruga mashapo yanayotakiwa yatulie chini.

Sasa unyevu, ambao ndio unaowasumbua watu kuliko vyote. Asilimia 60 hadi 70 inatosha. Hewa ikiwa kavu mno kwa muda mrefu, vizibo vya gome hukauka na kusinyaa. Ikizidi unyevu, mvinyo wenyewe haudhuriki, ila lebo zinaota ukungu na kubanduka, na baada ya miaka michache hujui umeshika nini mkononi. Kosa ninaloliona kila kiangazi ni watu kufungua dirisha la stoo mchana wa Julai eti kupitisha hewa. Hewa ya nje ni ya moto na imebeba maji. Ikikutana na ukuta wa baridi, maji yanabaki ukutani, na stoo inalowa zaidi ya ilivyokuwa. Kiangazi fungua alfajiri au usiku, kisha funga. Wakati wa baridi fungua saa yoyote kwa dakika chache, kwa kuwa hewa ya nje ni kavu. Makatoni nayo hunyonya maji, kwa hiyo toa chupa ndani yake. Rafu iinuke walau sentimita 10 kutoka sakafuni, kwa sababu mvua kubwa ikija, maji hupandia kwenye tundu la mfereji wa ndani.

Chupa yenye kizibo cha gome ilale, kizibo kibaki kimelowa. Yenye kifuniko cha kuzungusha, kama nyingi za Riesling, mvinyo mweupe wa hapa Rheinhessen, eneo la mizabibu linalozunguka Mainz, isimame au ilale, ni mamoja. Lebo itazame juu usome bila kuigeuza, na shingoni funga kikaratasi chenye mwaka. Za kunywa karibuni weka juu, kwenye joto kidogo. Za kukaa weka chini. Taa zima ukitoka. Mwanga huharibu harufu ya mvinyo, na ulio kwenye chupa za kioo kisicho na rangi ndio huwahi.

Halafu harufu. Rangi, petroli, matairi na vitunguu visikae pamoja na mvinyo. Na dagaa wa Mwanza uliotumiwa na shangazi, ndugu yangu, wapandishe jikoni. Najua mkeo atasema nini, lakini hilo mmalizane wenyewe.

Usiweke kila kitu. Mvinyo mwingi wa supamaketi umetengenezwa unywewe ndani ya mwaka mmoja au miwili, na stoo haitaufanya mzuri zaidi. Riesling nzuri ya mkulima ndiyo inayostahili nafasi: miaka kumi haiisumbui, na zile tamu za mavuno ya mwisho zinaishi kuliko mbwa wa jirani.

Za Dodoma, nyekundu na nyeupe, nazileta nikitoka likizo. Mtu mzima anayeingia Ujerumani kutoka nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa lita 4 za mvinyo usio na mapovu bila ushuru, yaani chupa tano za mililita 750, ya sita haimo. Kila moja ifunge kwenye kitenge, uiweke katikati ya begi, mbali na kingo. Ukifika zilaze wiki mbili zitulie na safari, na ile nyekundu tamu ipitishe kwenye friji nusu saa kabla ya kuifungua. Hizi usizitafutie miaka. Zangu zinakaa rafu ya juu karibu na mlango, na Pasaka haizikuti.