Pima magazini kabla ya kuchonga chemba

Kwa mwindaji wa Marekani anayetaka bunduki yake ya bolti fupi (iliyoundwa kwa risasi fupi) itumie risasi isiyouzwa madukani, inayotokana na ganda la .308 Winchester lililopanuliwa shingo, ni vyema aunde kwanza risasi moja ya mfano isiyo na baruti wala fataki (kiwashio cha baruti), akitumia kichwa (sehemu inayoruka kutoka mtutuni) kilekile atakachowindia, kisha aiingize kwenye magazini kabla ya kumlipa fundi wa kuchonga chemba, yaani sehemu ya mtutu inamokaa risasi. Ganda hilo lina urefu wa milimita 51.2 na risasi nzima haipaswi kuzidi 71.4, hivyo kinachobaki nje ya ganda ni milimita 20 tu. Kichwa kirefu na kizito huzama chini ya shingo na kula nafasi ya baruti, ndiyo maana kichwa kifupi mara nyingi hufaa zaidi. Kipimo hiki hakisemi lolote kuhusu shinikizo la baruti, wala hakimsaidii anayechagua ganda nene ambalo huenda likakwama kwenye midomo ya magazini. Aangalie pia .358 Winchester ya 1955 na .338 Federal ya 2006, risasi zilizotokana na ganda hilohilo, kwani huenda anachokibuni kimeshatengenezwa kiwandani.