Kubadilisha bunduki ya kuwindia isiyolenga: ninavyofanya hapa Montana

Kila majira ya joto napigiwa simu na mtu mwenye shida ileile: "Kaka, bunduki yangu hailengi, duka gani watanibadilishia?" Naishi Missoula, magharibi ya jimbo la Montana, Marekani, na tangu familia za Wakongo zianze kuletwa hapa 2016, Kiswahili kinasikika hata kwenye viwanja vya kulengea shabaha. Jibu langu halibadiliki. Usiipeleke dukani mpaka uwe na karatasi za shabaha mkononi zinazoonyesha kwamba tatizo ni bunduki yenyewe. Bila karatasi hizo utatoa bunduki nzima kwa bei ya kutupa, kisha uende porini na mpya yenye shida ileile, kwa sababu shida ilikuwa kwenye darubini ya kulengea iliyofungwa juu ya bunduki, au kwenye skrubu.

Kipimo changu ni hiki. Eneo la moyo na mapafu ya kulungu ni kama inchi 8, yaani sentimita 20. Bunduki inayotawanya risasi tatu kwa upana wa inchi 3 kwenye yadi 100 itatawanya kama inchi 6 kwenye yadi 200 na inchi 9 kwenye 300. Ukiwinda kwenye misitu ya huku kwetu, ambako mnyama unamwona karibu, inchi 3 inatosha kabisa, weka hela yako. Ukienda mashariki ya jimbo, kwenye nyanda ambako hakuna mti wa kujifichia, bunduki hiyo itakujeruhia mnyama akakimbie kufia mbali. Hilo mimi silikubali. Mnyama ana haki ya kufa haraka.

Sasa uipime. Ondoa risasi, toa bolti (kile chuma cha nyuma kinachofungia risasi ndani), safisha mtutu kwa dawa ya kuondoa shaba. Kitambaa kikitoka na rangi ya bluu au kijani, shaba bado imo, endelea mpaka kitoke cheupe. Kisha kagua skrubu zote: zile mbili za chini zinazoshika chuma kwenye kitako, na zile za darubini, za juu na za chini. Tumia spana ya kupimia mkazo na fuata kipimo cha mtengenezaji. Ukikaza kwa nguvu za mkono tu, moja itakuwa legevu na nyingine itavunja uzi. Bunduki nyingi ninazoletewa kama mbovu huponea hapahapa, na mwenyewe anarudi nyumbani na bunduki yake na hela yake.

Nenda uwanjani asubuhi kabla ya upepo. Weka mfuko wa mchanga chini ya kitako na mwingine chini ya sehemu ya mbele, mtutu wenyewe usiguse kitu. Piga tatu, kisha acha mtutu upoe mpaka uweze kuushika bila kuona joto. Andika kwenye karatasi aina ya risasi, uzito wa kichwa chake (kile kinachoruka), na mpangilio: ya kwanza wapi, ya pili wapi, ya tatu wapi. Mpangilio unasema mengi kuliko upana. Matundu yakipanda juu kadiri mtutu unavyopata moto, kuna mahali mbao inausukuma. Yakigawanyika makundi mawili yaliyotulia, shuku darubini au skrubu. Yakitapakaa bila utaratibu wowote, na umeshabadilisha darubini na risasi, hapo ndipo unaanza kuulaumu mtutu.

Narudia hapo: darubini na risasi. Azima darubini ya rafiki unayojua haihami ikishalengwa, uifunge, upige tena. Na jaribu angalau aina tatu za risasi. Kwa .30-06, saizi ya risasi ninayotumia, nanunua kichwa cha greini (kipimo cha uzito) 150, cha 165 na cha 180. Kila mtutu una chakula chake, na tofauti ya boksi moja na jingine inaweza kupunguza upana kwa nusu.

Nitakupa mfano wa bunduki yangu ya .30-06 niliyoinunua imetumika, yenye kitako cha mti wa jozi kilichochongwa kwa mkono, nzuri kwa macho. Risasi ya kwanza na ya pili zilikaa karibu, ya tatu iliruka juu kulia, kila mara. Nilichukua noti ya dola, nikaipitisha kati ya mtutu na mbao kuanzia mbele kurudi nyuma. Ilipita kidogo, ikagoma kama kiganja kimoja kutoka ncha ya mbao. Nilikwangua mahali pale kwa msasa uliozungushiwa kijiti mpaka noti ikateleza hadi kwenye chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa. Kupanda juu kuliisha, lakini kundi likabaki pana. Nikafuta mdomo wa mtutu kwa pamba kutazama kama kuna nyuzi zinazonasa, maana kijikovu kidogo pale mwishoni kinatosha kuipotosha risasi. Pamba ilitoka safi. Fundi wa bunduki akaingiza kamera yake ndogo, akanionyesha kwenye kioo: mbele ya chemba, pale mifereji inapoanzia, kutu ilikuwa imekula chuma vishimo vishimo. Kuweka mtutu mpya kungegharimu zaidi ya bunduki mpya ya kawaida. Basi, uamuzi ulikuwa umeshafanyika.

Kwa hiyo kabla ya kuachana na yako, muulize fundi bei ya tiba: kuchonga upya mdomo wa mtutu, kurekebisha mahali chuma kinapokalia mbao, au kitako kipya. Hizo huwa ndogo. Mtutu mpya ndio hesabu tofauti.

Ukiamua kubadilisha, nenda mapema. Msimu wa bunduki wa kulungu na elki (jamii ya kulungu wakubwa) hapa huanza mwishoni mwa Oktoba, na kuanzia Septemba maduka yamejaa watu na hakuna wa kukusikiliza. Mei au Juni mwenye duka ana nafasi ya kukaa na wewe. Piga simu kwanza, uliza kama wanapokea zilizotumika. Ukifika, bunduki iwe tupu, bolti wazi, ndani ya mkoba wake, na usiifungue mpaka uulize wanataka uifungulie wapi. Ni adabu ya kila duka la bunduki, na inakufanya upokelewe vizuri.

Vua darubini kabla ya kwenda. Dukani haikuongezei karibu chochote, na ikiwa ni nzima utaihitaji kwenye bunduki mpya. Peleka lakini boksi, kitabu, magazini ya ziada na skrubu za asili ikiwa unazo.

Kuhusu bei, usitazame bei watu wanazotangaza mtandaoni, tazama zile ambazo mauzo yamekamilika. Kisha fahamu kwamba mwenye duka lazima apate faida. Tuseme bunduki kama yako huuzwa dola 400, basi usishangae akikupa 200 au 250. Ukiona ni kidogo, muulize kama atakuuzia kwa kamisheni: anaiweka rafuni, ikiuzwa anakata sehemu yake, wewe unapata zaidi ila unasubiri. Kwa sheria ya hapa, wakazi wawili wa Montana wanaweza kuuziana wenyewe, lakini mgeni nchini namshauri apitie duka. Duka linaandika namba ya bunduki kwenye daftari lake, nawe unabaki na risiti. Mali bila daftari huisha bila habari, na bunduki ni mali ambayo polisi wanaweza kukuulizia miaka mingi baadaye.

Mwambie ukweli. Mwonyeshe karatasi zako, mwambie mtutu una kutu ndani. Bei itashuka kidogo, sawa. Ila bunduki ile itaishia mkononi mwa mtu mwingine, pengine kijana anayewinda mara ya kwanza, na ni heri ajue anachonunua. Mwenye duka niliyemwambia hivyo aliinunua kwa ajili ya kitako na chuma, akijua ataweka mtutu mwingine.

Kwenye karatasi za serikali, kuwa makini sana. Kwa bunduki unayochukua utajaza Fomu 4473 na duka litauliza mfumo wa FBI, polisi wa upelelezi wa shirikisho, uitwao NICS, unaokagua rekodi za mnunuzi na unaotumika tangu 1998. Jibu huja dakika chache: endelea, subiri, au umekataliwa. Ukiambiwa subiri, usipaniki. Siku tatu za kazi zikipita bila jibu, sheria ya shirikisho inaruhusu duka kukukabidhi, ingawa maduka mengine husubiri zaidi. Aliye chini ya miaka 21 anaweza kuchunguzwa kwa muda mrefu zaidi.

Mwenye kadi ya kijani (ukaazi wa kudumu), mkimbizi na aliyepewa hifadhi wanaruhusiwa kununua kama hawana kizuizi kingine, ila njoo na namba yako ya uhamiaji. Mwenye viza ya muda, kama mwanafunzi, kwa kawaida haruhusiwi mpaka awe na kibali kama leseni halali ya uwindaji. Kitambulisho kiwe na anwani unayoishi sasa. Kama umehama, kuna maduka yanayokubali usajili wa gari au leseni ya uwindaji kuthibitisha anwani mpya. Na fomu inauliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Usimtume shemeji akununulie, wala usikubali kutumwa na mtu anayekwepa fomu. Ni kosa la jinai la shirikisho na linaweza kukuvurugia mambo yote ya uhamiaji.

Ya kuchagua sasa. Chema chajiuza, kwa hiyo usisikilize sana sifa za kaunta. Tafuta kampuni inayoandika ahadi ya usahihi. Tikka za Finland na Bergara za Hispania zinaahidi risasi tatu ndani ya takriban inchi moja kwenye yadi 100 kwa risasi nzuri. Ruger American na Savage ni nafuu na zinalenga kuliko bei yake. Upande wa risasi, chukua inayopatikana hata kwenye duka la kijijini: .30-06, .308, .270 au 6.5 Creedmoor. Ukichukua iliyotumika, omba kumulika mtutu kwa tochi, pitisha pamba mdomoni, kagua vichwa vya skrubu kama vimechunwa. Kisha funga macho, iweke begani, fungua macho. Kama unaona katikati ya darubini bila kusogeza shingo, inakufaa.

Ukifika nyumbani rudia kipimo kilekile cha uwanjani, aina tatu za risasi, tatu tatu, mtutu ukipoa. Ukipata boksi ambalo risasi zake zinakaa karibukaribu, soma namba ya toleo iliyochapwa pembeni, kisha rudi dukani siku hiyohiyo ununue mengine mawili au matatu yenye namba hiyo kabla Oktoba haijafika.