Larb ya Nyama ya Ng'ombe Ndani ya Majani ya Letusi: Mlo wa Jioni ya Siku ya Kazi

Larb ni nyama iliyokatwakatwa au kusagwa, ikaiva kwa haraka, ikakolezwa kwa ndimu, sosi ya samaki, pilipili kavu na unga wa mchele uliokaangwa, kisha ikachanganywa na majani mabichi yenye harufu kama vile nanaa. Asili yake ni Laos na Isan, yaani ukanda wa kaskazini-mashariki mwa Thailand unaopakana na Laos ng'ambo ya mto Mekong, ambako watu wa pande zote mbili husikilizana kwa lugha na hula wali wa kunata kila siku. Watu wa Isan waliohamia Bangkok kutafuta kazi walikwenda na mapishi yao, na leo larb hupatikana Thailand nzima. Ukifika Chiang Mai, upande wa kaskazini, utakuta larb ya namna nyingine kabisa, yenye viungo vikavu vingi na isiyotiwa ndimu. Hiyo siyo tunayoipika hapa.

Huko Isan nyama huwekwa sahanini, na pembeni yake hupangwa kabichi mbichi, maharagwe mabichi ya maganda, tango na majani ya namna nyingi, kila mlaji akichota atakavyo. Desturi ya kuifunga nyama yote ndani ya jani la letusi imeenea zaidi katika migahawa ya Kithai iliyo nje ya nchi. Hata hivyo, kula kitu kilichofungwa katika jani si jambo geni kwa Wathai, kwa kuwa wanacho kitafunwa kiitwacho miang kham kinachofungwa katika jani la mmea ulio jamii moja na mtambuu wetu wa pwani. Kwa hiyo sioni dhambi yoyote katika letusi, mradi nyama iliyomo ndani iwe larb kweli na isiwe nyama ya kusaga iliyomwagiwa sosi tamu.

Kinachokifanya chakula hiki kifae jioni ya siku ya kazi ni kwamba nyama hukaa motoni kwa dakika tano hivi. Muda uliobaki huenda katika kukaanga mchele, kukausha letusi na kukata majani, na kazi hizo tatu ndizo zinazoamua kama chakula kitapendeza au la. Mpishi mwenye uzoefu humaliza yote kwa nusu saa. Anayeanza ajipe dakika arobaini.

Mahitaji kwa watu wanne

Utahitaji nusu kilo ya nyama ya ng'ombe ya kusaga, vijiko 3 vya chakula vya mchele mbichi, vijiko 3 vya sosi ya samaki, na ndimu 4 au 5 zenye maji ya kutosha vijiko 4 vya chakula. Weka tayari pilipili kavu 6 hadi 10 ndogo, kijiko 1 cha chai cha sukari, vitunguu vidogo vyekundu 4, miche 3 ya vitunguu vya majani, fungu zima la nanaa na nusu fungu la giligilani. Ongeza letusi vichwa 2, tango 1, na robo kikombe ya maji au supu ya nyama isiyo na chumvi. Mafuta ya kupikia hayahitajiki.

Kuhusu nyama, ninapendelea steki isagwe buchani mara moja tu, ikiwa na mafuta kidogo, kwa kuwa nyama iliyosagwa mara mbili hugeuka uji inapoiva. Ukiwa na nafasi, ikate mwenyewe kwa kisu kizito juu ya kibao mpaka iwe vipande vidogo sana, jinsi wapishi wa Isan wanavyofanya juu ya magogo ya mkwaju. Tofauti utaisikia mdomoni, ingawa jioni ya Jumanne sitamlaumu anayepitia buchani.

Sosi ya samaki hutengenezwa kwa samaki wadogo jamii ya dagaa wa baharini, waliochanganywa na chumvi na kuachwa wachachuke kwa miezi kumi na miwili au zaidi. Chagua chupa ambayo maelezo yake yanataja samaki, chumvi, na pengine sukari tu. Harufu yake kwenye chupa ni kali na huwashtua wasioizoea, lakini ikishachanganyika na ndimu hubaki ladha nzito ya nyama, na ule ukali hautasikika tena. Asiyeipata anaweza kutumia sosi ya soya na chumvi kidogo. Atapata chakula kizuri, ila kitakuwa na ladha nyingine.

Hatua ya kwanza: kukaanga na kuponda mchele

Hapa ndipo wengi hukata njia, na hapa ndipo sikubali njia ikatwe. Unga wa mchele uliokaangwa, ambao Wathai huuita khao khua, hufanya kazi mbili: huipa nyama harufu, na hufyonza mchuzi wa ndimu ili ushikamane na nyama badala ya kuchuruzika kutoka kwenye jani hadi kwenye kiwiko. Wenyewe hutumia mchele wa kunata. Usipoupata, mchele mweupe wowote wa nyumbani utafaa, na mchele wa chenga unafaa vilevile.

Weka kikaango kikavu juu ya moto mdogo unaokaribia wa wastani, mimina mchele bila kuuosha, na uendelee kuukoroga kwa mwiko wa mbao. Dakika mbili tatu za mwanzo hutaona kitu. Kisha punje zitapoteza ule mng'ao wa mchele mbichi na kuwa nyeupe kama chaki. Baadaye zitaingia rangi ya malai, halafu ya dhahabu, na harufu itaanza kupanda. Usiishie kwenye dhahabu, ambayo ndiyo inayodanganya wengi kwa sababu inapendeza machoni. Endelea mpaka punje nyingi ziwe za hudhurungi iliyokolea kidogo, kazi inayochukua dakika kumi hadi kumi na mbili kwa jumla. Mchele uliotolewa mapema huwa na ladha ya unga mbichi na hukwaruza meno. Ukiona punje chache zimeanza kuwa nyeusi, moto ni mkubwa mno. Punguza na uongeze kasi ya kukoroga.

Mchele ukifika hapo, umimine mara moja kwenye sahani, maana ukiuacha katika kikaango cha moto utaendelea kuungua. Katika kikaango hichohicho, zungusha pilipili kavu kwa muda usiozidi nusu dakika mpaka ziwe na madoa meusi kidogo. Fungua dirisha kwanza, kwani moshi wake huwakohoza watu hadi sebuleni.

Acha mchele upoe kabisa, kisha uponde katika kinu kidogo. Unachotafuta ni chenga ndogo zenye unga kati yake: ukiponda mno utapata unga laini unaogeuka gundi ndani ya mchuzi, na ukiponda kidogo utauma mawe. Mwenye mashine ya kusagia viungo aiwashe na kuizima kwa vipindi vifupi, akichungulia kila mara. Ponda pilipili peke yake. Unga wa mchele unaweza kutengenezwa mwingi na kuhifadhiwa katika chupa yenye kifuniko kinachobana. Harufu yake hupungua polepole, kwa hiyo utumie ndani ya wiki chache. Ukiwa nao tayari kabatini, mlo mzima unakuwa wa dakika ishirini.

Hatua ya pili: letusi na majani

Fanya kazi hii mchele unapopoa. Tenganisha majani ya letusi moja moja, yaoshe kwa maji safi yanayofaa kunywewa kwa sababu yataliwa mabichi, kisha yakung'ute na kuyapanga juu ya taulo safi la jikoni. Yafunike kwa taulo jingine na ubonyeze taratibu. Maji yanayobaki kwenye jani huchanganyika na ndimu na kuufanya mchuzi uwe hafifu, na mlaji atadhani wewe ndiye uliyeshindwa kukoleza. Baada ya hapo yaweke kwenye friji mpaka wakati wa kula, ili yawe baridi na yavunjike kwa mlio yakiumwa.

Letusi ya kichwa iliyojifunga hutoa majani yenye umbo la bakuli yanayobeba nyama vizuri. Letusi ya majani malaini, inayopatikana kwa wingi katika masoko yetu, nayo inafaa, ila inabidi kupandanisha majani mawili na kuyakunja. Zote zikikosekana, kata kabichi changa vipande vinene; utakuwa umesogea karibu zaidi na meza ya Isan.

Kata vitunguu vidogo vipande vyembamba sana, kwa urefu. Ukiwa na vitunguu maji vikubwa tu, tumia kimoja, na baada ya kukikata kiloweke katika maji baridi kwa dakika tano ili ukali upungue. Vitunguu vya majani vikate pete ndogo, na giligilani uikate pamoja na mabua yake machanga. Nanaa ichambue majani kwa mkono na usiikate mpaka dakika ya mwisho, kwa kuwa ikikatwa mapema huwa nyeusi. Usiogope wingi wake. Majani haya si pambo la kunyunyizwa juu, bali ni sehemu ya chakula, na kikombe kizima cha nanaa kwa nusu kilo ya nyama si kingi.

Hatua ya tatu: nyama

Mimina robo kikombe ya maji au supu katika karai na uyaache yachemke. Tia nyama yote, kisha uivunjevunje haraka kwa mwiko ili isishikamane kuwa mabonge. Ipike kwa moto wa wastani kwa dakika nne au tano, mpaka pasibaki wekundu wowote. Inapendeza kujua kwamba huko Laos na Isan wapo wanaopenda larb ya nyama mbichi. Mimi siipiki na sikushauri uijaribu, hasa kwa nyama iliyopitia mashine ya buchani.

Wapishi wetu wengi watashawishika kukausha maji yote na kuendelea mpaka nyama ikaangike na kuwa kahawia, jinsi tunavyofanya kwa sambusa. Larb haitaki hivyo. Epua karai mapema, kukiwa bado kumebaki vijiko vitatu vinne vya majimaji yaliyotoka kwenye nyama, kwa sababu majimaji hayo ndiyo yatakayokutana na ndimu na sosi ya samaki kuwa mchuzi.

Hatua ya nne: kukoleza nje ya moto

Karai ikiwa imeepuliwa, iache nyama itulie kwa dakika mbili tatu, iwe vuguvugu. Ndimu ikikutana na moto mkali hupoteza harufu yake na kubaki ukali mtupu, na nanaa hunyauka. Tia sosi ya samaki, maji ya ndimu, sukari, na kijiko 1 cha chai cha pilipili uliyoiponda, kisha uchanganye. Nyunyiza vijiko 2 vya chakula vya unga wa mchele, uchanganye tena na kusubiri dakika moja unga unywe mchuzi. Vitunguu, giligilani na nanaa hufuata mwishoni, na hugeuzwa mara chache tu.

Sasa onja, na uonje pamoja na kipande cha letusi, kwa kuwa jani hupunguza makali ya kila kitu. Nyama inayoonekana imekolea sawasawa ikiwa peke yake itapooza ikiingia ndani ya jani. Ukali wa ndimu utangulie, chumvi ifuate, pilipili ije baadaye na kukaa. Sukari isijulikane kuwa imo. Chumvi ikizidi, ongeza ndimu na majani, wala usiongeze maji. Ndimu ikizidi, matone machache ya sosi ya samaki huirudisha kuliko sukari. Mchuzi ukiwa mwingi, ongeza kijiko cha unga wa mchele na usubiri kidogo. Na nyama ikikauka, kijiko kimoja cha maji ya moto kinatosha. Kama kuna watoto mezani, gawa nyama kabla ya kutia pilipili.

Kuandaa na kula

Larb huliwa ikiwa vuguvugu au imepoa kabisa, kwa hiyo hakuna haja ya kuwakimbiza watu mezani. Pakua nyama katika sahani moja ya katikati, nyunyiza unga wa mchele uliobaki juu yake, na upange letusi, vipande vya tango na vipande vya ndimu pembeni. Kila mtu achukue jani kiganjani, atie vijiko viwili vya nyama na asizidishe, alikunje na kulila papo hapo. Usiwafungie watu majani kabla hawajaketi, kwani jani lenye nyama hulegea ndani ya dakika chache. Wali mweupe, hata kama si wa kunata, unafaa sana kando yake, na kwa nyumba yenye walaji wenye njaa ndio utakaofanya nusu kilo ya nyama iwatoshe watu wanne.

Nyama ikibaki, iweke kwenye friji katika chombo chenye kifuniko na uitumie ndani ya siku mbili, letusi ikikaa mbali nayo. Kesho yake nanaa itakuwa imesinyaa na unga wa mchele umelainika. Pasha nyama ipate moto sawasawa, iache ipoe kidogo, kisha uikamulie ndimu mpya na kuongeza nanaa mbichi na kijiko cha unga wa mchele kutoka kwenye chupa.