Boksi lililojaa mwanga lakini giza: jinsi ya kupima mwenyewe kama mwanga huonekana anga za juu

Kijana wangu wa kidato cha pili alinifuata baada ya kipindi akiwa na video kwenye simu. "Mwalimu, shikamoo. Huyu anasema ukitoka nje ya hewa ya dunia jua halionekani, wala nyota. Eti mwanga unazaliwa hapahapa kwenye hewa."

Sikumwambia ni uongo. Nusu ya maneno yale ni kweli, na ndiyo sababu yanawavuta vijana wenye akili. Nilimwambia alete boksi la viatu. Tangu siku hiyo nimefanya majaribio haya na madarasa kadhaa, na nayaandika hapa kama tunavyoyafanya.

Hatua ya 1: Tengeneza boksi

Toboa tundu moja katika kila upande mfupi wa boksi, yatazamane sawasawa, upana wake kama sarafu ya shilingi mia. Upande mrefu toboa tundu dogo la kuchungulia, na juu ya mfuniko kitundu cha kupitisha kijiti.

Ndani lipake masizi ya sufuria ya kuni yaliyokorogwa na uji mwepesi wa unga wa ngano. Usitumie rangi ya mafuta. Boksi langu la kwanza nililipaka rangi nyeusi ya dukani, kuta zikang'aa, tukaona mwanga kila mahali na jaribio likaharibika. Masizi hayang'ai.

Tochi ivike bomba la karatasi nyeusi la urefu wa shubiri moja, ili miale isitawanyike.

Hatua ya 2: Chungulia

Ingieni kwenye chumba chenye giza usiku. Elekeza tochi iingie tundu la kwanza na kutokea la pili. Mwenzako aweke kiganja nje ya tundu la pili: kinawaka. Kwa hiyo mwanga unapita humo ndani, hakuna ubishi. Sasa weka jicho kwenye tundu la kuchungulia. Unaona giza.

Kaa hapo kidogo, usikimbilie hatua inayofuata. Boksi limejaa mwanga na wewe unaona giza, kwa sababu mwanga wote unapita mbele ya jicho lako bila kuingia ndani yake.

Chukua chelewa moja ya ufagio, ipake chokaa nchani, ishushe polepole kupitia mfuniko. Ikigusa njia ya mwanga, ncha inawaka ghafla, nukta nyeupe imening'inia gizani na nyuma yake hakuna kitu. Wanafunzi hunyamaza kila mara hapo. Mwezi unaonekana hivyohivyo: mwanga wa jua umejaa pande zote kuuzunguka, lakini unaouona ni ule tu uliogonga vumbi la Mwezi ukarudi kwako.

Mwisho tia ubani kwenye chetezo na uache moshi kidogo uingie. Njia ya mwanga inajitokeza yote kama fimbo nyeupe. Kila aliyelala chini ya bati lenye tundu la msumari anaifahamu fimbo hiyo, na vumbi linalocheza ndani yake. Hewa ya dunia hufanya kazi kama ule moshi, ila chembe zake ni ndogo mno na hutawanya zaidi mwanga wa buluu. Ndiyo maana mchana tunaona buluu kila upande, na juu Mwezini, pasipo hewa, anga ni jeusi hata jua likiwa linawaka.

Hiyo ndiyo nusu ya kweli katika video: mwanga unaopita hauonekani ubavuni. Ila ondoa mfuniko, weka kipande cha karatasi kwenye tundu la pili, kisha itazame. Mwanga ukifika kwenye kitu, au ukifika moja kwa moja jichoni, unaonekana, kuwe na moshi au kusiwe.

Hatua ya 3: Piga picha mbili

Video ya kijana ilikuwa na kipande cha Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga Mwezi, kwenye mkutano na waandishi wa habari Houston, Marekani, tarehe 12 Agosti 1969, akisema hawakuona nyota. Alichosema kwa ukamilifu ni kwamba wakiwa juu ya uso wa Mwezi, au upande wake wa mchana, hawakuziona kwa macho bila kutumia vyombo. Vyombo walikuwa navyo: darubini ndani ya chombo chao ilitumika kulenga nyota ili kujua njia.

Ili kuelewa kwa nini, msimamishe mtu chini ya taa kali ya nje usiku wenye nyota. Egemeza simu kwenye tofali, fungua kamera upande wa mipangilio ya mkono. Picha ya kwanza: shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) 1/250 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100. Ya pili: sekunde 15, ISO 1600.

Ya pili inatoa mwangaza mara 60,000 wa ile ya kwanza: muda ni mara 3,750, na ISO ni mara 16. Nyota zimejaa, lakini mtu wako amegeuka doa jeupe lisilo na sura. Kwenye ile ya kwanza anga ni jeusi tupu. Wanaanga wa Apollo, zile safari za Wamarekani kwenda Mwezini, walipiga kwa shata hiyohiyo ya 1/250, juu ya ardhi iliyochomwa na jua, wenzao wakiwa na mavazi meupe. Nyota zilikuwepo. Kamera haikupewa muda wa kuzipokea, na macho yaliyozoea mwanga mkali nayo huzikosa vivyo hivyo.

Hatua ya 4: Fuata nyota inayochomoza

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na haihitaji kifaa. Kama hewa ndiyo inayozaa mwanga, basi hewa ikiwa nyingi nyota iwake zaidi.

Mwezi wa Desemba, usiku ukiingia, tafuta Kilimia, kile kikundi cha nyota zilizosongamana, halafu zile nyota tatu zilizojipanga mstari. Endelea na mstari huo ukiiacha Kilimia nyuma, utafika kwenye Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku. Ianze ikiwa chini kabisa mashariki. Pale kwenye upeo wa macho mwanga wake unapita katika hewa nene karibu mara 38 kuliko ikiwa utosini. Andika unavyoiona kila baada ya nusu saa.

Inaanza hafifu, inatetemeka, inabadilika rangi. Ikipanda inatulia na kuwaka zaidi. Hewa inakula mwanga, haiuzai. Usijaribu hili kwa kulitazama jua, litakuharibu macho.

Aliye na shaka bado aifikirie kamera aliyoibuni George Carruthers, iliyosimamishwa juu ya Mwezi na wanaanga wa Apollo 16 mwezi Aprili 1972, kwenye kivuli cha chombo chao. Ilipiga nyota na dunia yetu kwa urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho ambao sehemu yake kubwa huzuiwa na hewa ya dunia. Na mwaka 2012 mwanaanga Don Pettit, akiwa kwenye kituo cha anga za juu, aliunganisha picha za sekunde 30 mojamoja hadi nyota zikachora mistari.

Hatua ya 5: Amka kabla ya alfajiri ya kweli

Anga za juu si tupu kabisa. Kati ya sayari kuna vumbi jembamba, na jua hulimulika kama tochi inavyomulika moshi wa ubani.

Chagua siku za giza, zile ambazo wavuvi wa dagaa hutoka na taa. Nenda mbali na umeme, ufuoni kunakotazama mashariki panafaa sana. Fika saa tisa na nusu usiku, zima simu, yape macho dakika 30 yazoee giza. Kuanzia saa kumi hivi tazama panapochomoza jua: utaona weupe hafifu, mpana chini na mwembamba juu, umesimama kama pembe. Sisi tulio karibu na ikweta tuna bahati, maana kwetu husimama wima karibu mwaka mzima.

Wazee wanaofundisha nyakati za swala wana jina lake tangu zamani: alfajiri kadhibu, yaani alfajiri ya uongo. Hupanda juu, halafu ile ya kweli huja ikitandaa kulia na kushoto. Itazame kwa pembeni ya jicho, si kwa kuikazia macho. Kufikia saa kumi na moja na dakika chache mapambazuko yatakuwa yameimeza.