Kuhariri filamu bubu inayozungumzia mamlaka

Mamlaka huonekana kwa wanaotii kuliko kwa anayeamuru. Ndiyo maana nashauri usianze na uso wa mkubwa.

Hatua ya 1. Chagua tendo moja dogo la utii: watu kusimama bosi anapoingia, au mtu kusubiri fomu yake igongwe muhuri. Tendo moja linatosha dakika tatu.

Hatua ya 2. Piga vipande vifupi vya karibu: viatu, kofia, kitasa, vidole vilivyoshika muhuri. Kamera ikiwa chini humkuza mtu, ikiwa juu humdunisha. Mkubwa na wanaomsubiri wapige siku tofauti ukipenda, uhariri utawakutanisha.

Hatua ya 3. Kata. Hapa ndipo kazi ilipo, usiwe na haraka. Katika filamu ya Oktoba (1928), mwongozaji wa Kisovieti Sergei Eisenstein anamwonyesha Kerensky, mkuu wa serikali ya muda ya Urusi mwaka 1917, akipanda ngazi za kasri. Ngazi zinarudiwa zilezile, huku maandishi ya kwenye skrini yakitaja vyeo vyake kimoja baada ya kingine. Vyeo vinapanda, mtu hafiki. Kisha anaunganishwa na tausi wa mashine, na mtazamaji anatoa hukumu mwenyewe.

Jaribu hivi. Chukua kipande cha bosi akiketi, sekunde 4, yaani fremu (picha moja moja za filamu) 96 kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde. Mara ya kwanza mwache aketi kabisa. Ya pili, kata kwenye fremu ya 48, kabla hajagusa kiti, uende kwa wanaosubiri. Ya tatu mpe fremu 12 tu. Kitendo kilichokuwa cha heshima kinaanza kuonekana kama mashine iliyokwama.

Kuhusu alama, yaani kitu kinachosimamia wazo: katika filamu ya Mgomo (1925), Eisenstein huyohuyo anachanganya mauaji ya wafanyakazi na ng'ombe anayechinjwa. Inashtua kweli, lakini ng'ombe ametoka nje ya kisa. Mimi huchagua kitu kilichomo chumbani, kama saa ya ukutani au kiti kitupu, kwa sababu mtazamaji hahisi kusukumwa.

Hatua ya 4. Maandishi yawe machache. Andika cheo, usiandike maoni.

Hatua ya 5. Itazame bila muziki wowote, maana muziki huficha mikato mibovu. Mwonyeshe mtu asiyejua kisa, umuulize nani anaogopwa na amejuaje. Akijibu "nimeona kofia", toa vipande vya kofia, urudi hatua ya 3.